Haki ya Mgeni Chini ya Mawingu: Historia ya Habari za Tufani Ukingoni mwa Kagera

Mtu alalaye ndani ya nyumba ya mawe, chini ya paa lililopigiliwa barabara juu ya mbao ngumu, aweza kulala fofofo hali ngurumo zinapita juu yake, kwa kuwa kuta zake zimekwisha kumjibia swali ambalo yeye mwenyewe hana haja ya kuliuliza; lakini mtu alalaye chini ya kitambaa, awe pagazi, mchungaji, askari, mkimbizi, au mtalii mwenye nyumba nyepesi ya kukokotwa na gari, hana wa kumjibia, na kwa sababu hiyo hana budi kujua mapema mawingu yaliyo mbele yake yanakusudia nini. Tukiitazama kwa makini historia ya makao ya muda, tutaona kwamba kwa sehemu kubwa ni historia ya habari: nani aliyejua kwamba tufani inakuja, nani aliyeambiwa, kwa lugha gani, na je, aliambiwa mapema kiasi cha kumwezesha kusimama na kuondoka? Maswali haya si ya anasa wala ya watu wa mbali. Pana mahali katika Afrika ya Mashariki ambapo yamekuwa yakiulizwa kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu, na kila kizazi kimeyajibu kwa namna yake. Na mahali hapo ni ukingo wa mto Kagera, panapopakana Uganda na Tanzania.

Mji wa Kikagate, ambao ramani nyingi huuandika Kikagati, umekaa upande wa kaskazini wa mto huo, ukitazamana na Murongo ya Tanzania ng'ambo ya daraja. Barabara inayotoka hapo kwenda Mbarara, mji mkuu wa Ankole ya zamani, ni mwendo wa kilomita zaidi ya 70 kupitia vilima vya Isingiro, ambako bati lilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920. Na kaskazini mashariki ya Kikagate ndiko liliko ziwa Nakivale pamoja na makazi ya wakimbizi yenye jina hilo. Mto wenyewe hupanda kaskazini kati ya Rwanda na Tanzania, kisha hugeuka ghafula kuelekea mashariki na kushika njia ya Ziwa Viktoria. Nchi hii ina misimu miwili ya mvua, mmoja kuanzia Machi hadi Mei na mwingine kuanzia Septemba hadi Desemba. Lakini si nchi ya neema ya mvua kama wadhaniavyo wageni. Bukoba, iliyo ufukweni mwa ziwa, hupata mvua ya kadiri ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa kuwa mawingu yazaliwayo juu ya maji usiku husukumwa magharibi na kumwaga mzigo wao pwani ya ziwa; Isingiro, iliyo nyuma ya vilima, huachiwa masazo, na masazo hayo aghalabu huja kwa hamaki: mchana wa joto kali, wingu moja jeusi, upepo wa kusomba, mvua ya mawe na radi, kisha kimya na jua. Hali ya hewa ya namna hii humdanganya mtu asiye mwenyeji, maana asubuhi yake haina dalili ya alasiri yake.

Wageni wa kwanza ambao habari zao zimehifadhiwa kwa maandishi walikuwa watu wa misafara. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa pwani walikwisha kufika Karagwe, ufalme uliokuwa ng'ambo ya kusini ya mto, na mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alifika hata Buganda mwaka wa 1844, katika enzi ya Kabaka Suna. Kafuro, karibu na makao ya mfalme, ikawa kituo chao cha pembe na nguo. Kutoka pwani hadi Kafuro msafara ulipita Tabora, na njiani kila jioni ilikuwa na kazi ile ile: kuchagua mahali, kushusha mizigo, kukata miiba ya kuzungushia boma, wakubwa wakatandaza mahema yao ya turubai, na mapagazi wakajenga vibanda vya nyasi kwa ustadi na wepesi uliowastaajabisha wasafiri wa Kizungu. Hayo yote yalifanywa chini ya mbingu ambayo haikuwa moja. Mtu wa pwani alilelewa katika hesabu ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 uliogawanywa miongo ya siku kumi kumi, na katika hesabu hiyo mabaharia na wakulima walijua kaskazi ianzapo, kusi ishikapo, masika na vuli ziingiapo. Lakini alipopanda bara alikuta Unyamwezi yenye msimu mmoja mrefu wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, na alipofika Karagwe akakuta tena misimu miwili, isiyoletwa na pepo alizozijua bali na ziwa na vilima. Katika safari moja alipita kalenda tatu, na ile aliyozaliwa nayo ilikuwa ya kwanza kumwacha njiani.

Kwa hiyo aliuliza. Hapa ndipo palipo kiini cha jambo letu, nalo halikuandikwa sana kwa kuwa lilikuwa la kawaida mno. Kiongozi wa msafara, yule aliyeitwa kirangozi, hakuwa mtu wa kujua njia tu. Alikuwa pia mtu wa kujua nani wa kuulizwa habari za mto, je, umejaa au unavukika, na habari za mvua, je, zimeanza huko mbele au bado. Wanyamwezi waliokodishwa kuchukua mizigo walipanga safari zao kwa mvua: walishuka pwani baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, na wakajitahidi kurudi kwao kabla ya mvua za kulimia, na tajiri aliyetaka kuwazuia kupita wakati huo alijikuta hana mapagazi. Wenyeji wa kusini ya Uganda na Karagwe walikuwa na elimu yao isiyohitaji karatasi: usiku kuanza kuwa wa joto kuliko desturi, upepo kugeuza uso, miti fulani kuchanua, na ndege wahamao kuonekana, zote zilikuwa alama za mvua zinazokaribia, na hata leo wakulima wa sehemu hizo bado huzitazama. Mfugaji wa Kihima aliyezihamisha ng'ombe zake wakati wa ekyanda, yaani kiangazi kirefu cha katikati ya mwaka, kuzifuata nyasi na maji ya maziwa na mabonde ya Kagera, alikuwa naye ni mtu wa makao ya muda, na maisha ya kundi lake yalitegemea kuzisoma alama hizo bila kukosea.

Wasafiri wa Kizungu John Hanning Speke na James Grant walipowasili Karagwe mwishoni mwa mwaka wa 1861, walipokewa na mfalme Rumanika kwa ukarimu ambao Speke aliusifu sana katika kitabu chake. Na Grant, aliyeugua mguu, aliachwa hapo chini ya ulinzi wa mfalme wakati mwenzake alipotangulia Buganda. Baadaye, mwaka wa 1876, msafiri mwenzao Henry Morton Stanley akapita njia hizo, na mwaka wa 1889 akarudi tena kutoka upande wa kaskazini, akiivuka nchi ya Ankole pamoja na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa, na mamia ya watu, wengi wao wagonjwa na wachovu, hata wakauvuka Kagera na kuingia Karagwe. Hakuna hata mmoja miongoni mwa misafara hiyo uliokuwa na chombo cha kuujulisha tufani ya kesho. Walikuwa na vipimajoto na vipimio vya kani ya hewa, navyo viliwapa hesabu ya kimo cha vilima. Lakini habari ya mvua waliipokea kutoka kwa mwenyeji, kama walivyopokea ndizi, maziwa na ruhusa ya kupita. Ilikuwa ni sehemu ya mapokezi. Mwenyeji aliyempa mgeni mahali pa kupiga hema alimwonyesha pia mahali pasipofaa, na mgeni aliyekataa kusikia alipata adhabu yake usiku kutoka kwa maji ya bondeni.

Sasa ni jambo la kutafakari kwamba katika mwaka ule ule wa 1861, Februari yake, huko Uingereza kulianza desturi mpya. Robert FitzRoy, ofisa wa majeshi ya bahari, baada ya meli Royal Charter kuvunjwa na tufani mwezi wa Oktoba 1859 na watu zaidi ya 400 kupotea, alipata idhini ya kukusanya habari za hewa kwa simu za waya kutoka vituo vya pwani, na dalili za tufani zilipoonekana alituma amri bandarini, ambako alama zilitundikwa juu ya milingoti ili mabaharia wazione. Hapo ndipo habari ya tufani ilipoanza kwenda mbio kuliko tufani yenyewe. Nguvu ya waya ilikuwa hiyo. Na udhaifu wake ulikuwa kwamba ulifika pale tu ulipofikishwa. Pwani yetu ililijua hilo kwa uchungu. Tarehe 15 Aprili 1872, siku za mwanzo za enzi ya Sultani Sayyid Barghash, kimbunga kilikipiga kisiwa cha Unguja, kikang'oa mikarafuu kwa maelfu, kikavunja majahazi bandarini na merikebu za Sultani. Na waya wa kwanza wa baharini, uliotoka Aden, ulifika Unguja mwaka wa 1879. Hata kama ungalikuwapo, pasingalikuwa na mlinzi katika bahari ya mashariki wa kuupa la kusema. Maana onyo lina viungo vitatu, mlinzi, mpeleka habari na msikilizaji, na kimoja kikikosekana viwili vilivyosalia huwa kama havipo.

Waingereza walijenga boma lao Mbarara mwaka wa 1898, na pamoja na boma, mahakama na kodi, kikaja kipimamvua. Hiki ni chombo cha unyenyekevu: faneli ya shaba iliyowekwa juu ya chupa, ikazikwa nusu ardhini mahali peupe, na kila siku saa tatu asubuhi karani, mmisionari au mwalimu huinama, hupima maji yaliyoingia, na kuandika tarakimu katika daftari. Kazi hii ilifanywa kwa uaminifu katika vituo vingi vya Uganda, Kenya na Tanganyika na watu ambao majina yao hayamo katika vitabu. Na urefu wa maji ya Ziwa Viktoria nao umepimwa tangu mwaka wa 1896. Mwaka wa 1929 serikali za nchi hizi ziliunda idara moja ya hali ya hewa yenye makao Nairobi, na mkuu wake wa kwanza akawa Albert Walter, aliyekuwa amefanya kazi Mauritius, kisiwa kilichofundishwa na vimbunga thamani ya elimu hiyo. Lakini tuseme kweli: idara hiyo haikuundwa kwa ajili ya mtu wa hemani. Iliundwa kwa ajili ya ndege zilizoanza kuruka kati ya Uingereza na Afrika katika miaka ya 1930, na kwa ajili ya mazao ya biashara, pamba, kahawa na mkonge. Rubani aliyetua Entebbe alipewa habari za mawingu juu ya ziwa. Mchungaji wa Isingiro, ambaye mawingu hayo hayo yangemfikia jioni, hakupewa kitu, na hakuna aliyeona ajabu. Elimu ilikuwa imekwisha kuondoka mikononi mwa mwenyeji aliyeonekana na kuhamia katika daftari la ofisi, na daftari halina desturi ya kukaribisha wageni.

Ndipo walipokuja wageni wa namna nyingine. Mwaka wa 1958 eneo la Nakivale lilianza kuwapokea Wanyarwanda, na mwaka wa 1960 likatangazwa rasmi katika gazeti la serikali kuwa makazi ya wakimbizi. Machafuko ya Rwanda yaliyoanza Novemba 1959 yalileta wengine wengi, wakaenea Nakivale na makazi ya Oruchinga, baadhi yao na ng'ombe zao. Walikuwa bado hawajaizoea nchi hiyo ilipotokea mvua ambayo wazee wa Afrika ya Mashariki hawakuisahau. Kati ya Oktoba na Desemba 1961, miezi ile ambayo Tanganyika ilikuwa ikijiandaa na uhuru wake na kuupata, mvua zilinyesha kupita kiasi kutoka Somalia hadi Unguja. Barabara na reli zilikatika, sehemu za Kenya zililishwa chakula kilichodondoshwa kwa ndege, na Ziwa Viktoria lilianza kupanda hata likazidi kimo chake cha zamani kwa zaidi ya mita mbili kufikia mwaka wa 1964. Hakuna aliyetangaza mapema. Satelaiti ya kwanza ya kupiga picha za mawingu, iliyoitwa TIROS, ilikuwa imerushwa Aprili 1960, lakini kufahamu kwamba maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya mashariki yake vuli yetu hufurika, ni elimu iliyothibitishwa na kupewa jina mwaka wa 1999 tu.

Kitu kilichobadilisha mambo kwa watu wa kawaida kilikuwa redio ndogo ya betri. Uganda ilianza utangazaji wake mwaka wa 1954, Dar es Salaam ilitangulia mwaka wa 1951, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza Juni 1957. Na redio za transista zilipoenea katika miaka ya 1960, mtu aliyeketi mbele ya kibanda chake aliweza, kwa mara ya kwanza katika historia ya ukingo huu, kusikia sauti ya mtu aliye mbali akisema lugha anayoielewa. Kiswahili kilikuwa na faida ya pekee hapa, kwa kuwa kiliuvuka mto bila pasi: Dar es Salaam ilisikika Kikagate, na aliyetoka Rwanda, Burundi au Kongo alikuwa na sehemu yake katika lugha hiyo hata kama hakuwa na sehemu katika lugha ya nchi iliyompokea. Mlinzi alikuwapo Nairobi, mpeleka habari alikuwa hewani, na msikilizaji alikuwa na kisanduku chake. Viungo vitatu vilikaribia kukutana.

Havikukutana kwa muda mrefu. Idara ya hali ya hewa ilikuwa mali ya pamoja ya nchi tatu, na ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1977 idara nayo iligawanywa, kila nchi ikabaki na vyombo vilivyokuwa ndani ya mipaka yake, kana kwamba mawingu ya ziwa nayo yamekubali kugawanywa. Uganda ilikuwa na taabu kubwa zaidi. Vita vya Kagera, kati yake na Tanzania, viliuharibu mji wa Mbarara mwanzoni mwa mwaka wa 1979, na katika miaka ya misukosuko iliyofuata vipimamvua vingi vya nchi viliachwa bila mtu wa kuvisoma, hata madaftari ya miaka hiyo yana kurasa tupu ambazo wataalamu wa leo huzihuzunikia. Na ni katika miaka hiyo hiyo ya giza la habari ndipo watu wengi zaidi walipotupwa nje chini ya mbingu. Oktoba 1982 wasemaji wa Kinyarwanda walifukuzwa katika sehemu za Mbarara, nyumba zao zikachomwa, wakakimbilia Nakivale, Oruchinga na mpakani. Maelfu walinaswa katika kipande chembamba cha ardhi Merama Hill, kati ya Uganda na Rwanda, nao mwezi huo ni mwezi wa mvua. Miaka 12 baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda waliuvuka Kagera pale Rusumo katika muda wa saa 24 na kuingia Ngara, wakajenga Benako mji wa matawi na turubai, nao mwezi huo ni kilele cha masika. Katika dhiki za namna hiyo hakuna awezaye kuchagua siku. Lakini aliye na mamlaka ya kupokea aweza kuchagua mahali, mteremko, mfereji na wakati wa kusema, na hayo ndiyo yanayotenganisha usiku wa taabu na usiku wa mauti.

Inafaa hapa tuangalie kidogo watu wa mbali, si kwa kuwafanya kuwa mfano wa kila jambo, bali kwa sababu taabu yao inaitia nuru taabu yetu. Marekani kuna mamilioni wanaosafiri na nyumba za kukokotwa na magari, wakipiga kambi msituni au kando ya ziwa kwa furaha ya likizo. Nyumba hizo zina vitanda, meko na taa, lakini ni nyepesi, na upepo mkali huzipindua. Idara ya hewa ya nchi hiyo ilikuwa imekataza hata kulitaja jina la kimbunga cha nchi kavu katika utabiri wake, kwa kuhofia kuwatia watu kiwewe. Tarehe 25 Machi 1948 maofisa wawili wa anga, Fawbush na Miller, walikitabiri kimbunga katika kambi yao ya Oklahoma kikaja jioni ile ile, na mwaka wa 1950 katazo likaondolewa. Leo kuna redio maalumu inayopiga king'ora usiku na kumwamsha mwenye kulala. Hata hivyo wataalamu wao husisitiza jambo moja: onyo hutolewa kwa jina la wilaya, na msafiri aliyefika jioni huenda hajui yumo katika wilaya gani, hivyo aweza kusikia tangazo la mauti yake mwenyewe akadhani ni la watu wengine. Tajiri huyu wa likizo na mkimbizi wa Nakivale hawana mengi yanayofanana, lakini katika hili ni ndugu: ugeni ni kutojua jina la mahali ulipo, na asiyejua jina la mahali hawezi kulitumia onyo hata likimfikia sikioni.

Leo Nakivale ina kanda tatu, Base Camp, Juru na Rubondo, na ndani yake husikika Kiswahili cha Kongo, Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari, Kitigrinya, Kifaransa na Kinyankore. Wengi wamekwisha kujenga nyumba za udongo, lakini aliyefika juzi bado yuko chini ya turubai, au shitingi kama wasemavyo wenyewe, iliyofungwa juu ya miti. Uganda ilianzisha kwa sheria Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa mwaka wa 2012. Mbarara ni mojawapo ya vituo vyake vikuu vya kuangalia hewa. Utabiri wa msimu hutolewa na kutafsiriwa kwa lugha kadhaa za nchi, na redio za Mbarara pamoja na simu za mkononi huusambaza. Ng'ambo ya mto, Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania imeonyesha kazi hii inavyoweza kufanywa: kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia na Lindi mwanzoni mwa Mei 2024, wananchi walikuwa wameambiwa siku kadhaa kabla, mahali pale pale ambapo kimbunga cha Aprili 1952 kiliiharibu Lindi. Na mwaka wa 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza nia ya kila mtu duniani kulindwa na maonyo ya mapema kufikia mwisho wa mwaka wa 2027.

Lakini kimbunga cha bahari hutembea kwa siku, na tufani ya Isingiro hutembea kwa saa. Utabiri wa miezi mitatu humwambia mkulima apande lini. Haumwambii mama mwenye shitingi kwamba alasiri ya leo ni ya hatari. Kanda ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi kuliko zote duniani, na mauti ya radi katika Uganda yameandikwa, hata mbali na ziwa: Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya, Kiryandongo, na tarehe 2 Novemba 2024 iliua watu 14 na kujeruhi 34 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo. Kwa jambo la namna hii elimu inayookoa ni fupi, nayo yaweza kufundishwa asubuhi moja. Sauti huchukua kadiri ya sekunde tatu kwa kila kilomita. Kwa hiyo mmweko ukifuatwa na ngurumo kabla hujahesabu 30, wingu liko ndani ya kilomita 10 na radi ijayo yaweza kuwa yako. Hapo uondoke hemani, kwa maana kitambaa na miti yake havizuii kitu, uachane na mti wa pekee na kilele cha kilima, uingie katika jengo imara au ndani ya gari lenye mwili wa chuma, ukae humo hata dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Nao upepo wa baridi unaogeuka ghafula mchana wa joto ni hewa iliyoanguka kutoka ndani ya wingu na kuitangulia mvua. Aujuaye upepo huo ana dakika chache za kukaza kamba, kuzima moto na kuwaita watoto.

Kwa hiyo ushahidi wa ukingo huu unatufikisha mahali pamoja. Katika enzi ya misafara elimu ilikuwa ndogo, lakini ilikaa kwa mwenyeji, na mwenyeji aliitoa pamoja na maziwa. Katika enzi yetu elimu ni kubwa, satelaiti huyaona mawingu ya Kagera kila robo ya saa, ila imekaa mbali, na kati yake na shitingi kuna lugha, betri ya simu, bei ya muda wa maongezi, na jina la kijiji ambalo mgeni hajalijua. Upungufu haupo angani wala ofisini. Upo katika kile kipande cha mwisho cha njia ambacho zamani kilikuwa kazi ya kirangozi. Nakivale ina viongozi waliochaguliwa na wakimbizi wenyewe katika kila kijiji, ina waumini wenye vipaza sauti, ina walimu na ina wazee wa Isingiro wanaozisoma alama za nchi yao; hao ndio virangozi wa leo, na onyo lililoandikwa Entebbe au Mbarara halijatolewa mpaka limetamkwa na mmoja wao, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za kijiji, na pakaonyeshwa jengo la kukimbilia. Aliyempa mgeni ardhi, mgawo na karatasi ya utambulisho amemtendea wema unaojulikana duniani kote, na Uganda inasifiwa kwa wema huo kwa haki. Habari ya tufani ni sehemu ya wema huo huo, si nyongeza yake, na mgeni anayo haki ya kupewa siku ya kwanza, pamoja na jina la mahali alipofika, kabla hajafunga kamba ya kwanza ya hema lake.